Mzigo Ukikwama, Hasara ni ya Nani? Kwa Mkulima wa Kibaha na Kisarawe Anayetaka Kuuza Nje

Msimu huu swali ninaloulizwa sana sio la mbolea wala la wadudu. Ni hili: "Bwana shamba, na sisi tunaweza kuuza nje?" Naulizwa Mlandizi, naulizwa Soga, naulizwa Maneromango na Mzenga. Na nauelewa moto huu umetoka wapi. Bandari kavu ya Kwala imefunguliwa hapa hapa Wilaya ya Kibaha mwaka 2025, na treni ya mizigo ya SGR inapita. Mtu wa Kisarawe akishuka Pugu yuko jirani na uwanja wa ndege, na akiendelea mbele kidogo yuko bandarini. Kontena tunaziona kila siku barabara ya Morogoro. Sasa mtu anajiuliza, kama kontena linapita mlangoni kwangu, kwa nini ndani yake usiwepo muhogo wangu?

Jibu langu ni kwamba unaweza. Ila ukumbuke jambo moja: bandari iko karibu, lakini mnunuzi yuko mbali. Ukaribu wa bandari unakupunguzia nauli ya lori tu, haukupunguzii hatari ya kutolipwa. Kwa hiyo leo sitaandika habari za fursa, maana hizo mmeshazisikia kwenye semina nyingi. Naandika kuhusu swali ambalo nataka kila mmoja ajiulize kabla hajapakia gunia la kwanza: mzigo ukikwama, hasara ni ya nani?

Ofa ya akina mama wa Kisarawe

Kuna kikundi cha akina mama 20 upande wa Maneromango ambacho nakifuatilia. Wanatengeneza makopa, yaani muhogo uliomenywa, ukakatwa na kukaushwa. Wana vichanja, wana maturubai, wana mashine ya kukatia, na walipata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 usio na riba. Kazi yao ni safi, na wanaandika kila kitu kwenye daftari.

Akaja dalali kutoka Dar es Salaam. Akasema ana mnunuzi wa nje ya nchi anayetaka tani 20 za makopa, bei shilingi 750 kwa kilo, mzigo ufikishwe bandarini. Kiwanda cha unga wanachouzia siku zote jijini kinawapa 600. Tofauti ya shilingi 150 kwa kilo, si mchezo. Sharti ni moja tu: malipo yatafanyika siku 60 baada ya mzigo kufika kwa mnunuzi.

Mwenyekiti wao akanipigia simu. "Mwanangu, wenzangu wameshaanza kuagiza muhogo mbichi kwa majirani. Tukubali?"

Nikawaomba wasinunue kitu hadi tukae na daftari. Tulichokokotoa siku hiyo nitakieleza hapa chini, kwa ruhusa yao. Kwanza tukumbushane yaliyowapata wakubwa kuliko sisi, ili usije ukadhani nawatisha watu bure.

Milango hufungwa bila hodi

Mwaka wa mbaazi mnaukumbuka. Wakulima wa kusini na wa Manyara walikuwa wakiuza mbaazi India, na bei iliwahi kupita shilingi 2,000 kwa kilo. Watu wakapanda kwa nguvu. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya India ikatangaza kwamba mbaazi zitakazoingia nchini mwao kwa mwaka hazitazidi tani 200,000 kwa dunia nzima. Bei huku kwetu ikaporomoka hadi shilingi mia kadhaa. Hakuna mkulima wa Tanzania aliyekuwa amekosea kupalilia. Mvua ilinyesha, mbaazi zilizaa, ghala zilijaa. Kilichokosekana ni mlango wa pili, maana mnunuzi alikuwa mmoja tu. Angalia na upande wa jirani: Msumbiji ilikuwa imeshasaini makubaliano na India mwaka 2016 ya kuuza kiasi maalumu kila mwaka. Zao ni lile lile na bahari ni ile ile, ila mwenzetu alikuwa na karatasi mkononi. India ilikuja kufungua mlango tena Mei 2021, karibu miaka minne baadaye. Ni mkopo gani wa kikundi unaoweza kusubiri miaka minne?

Mahindi nayo. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani yakiwa yamejaa. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili, na uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa amekausha vizuri na kupima mzigo wake aliendelea na safari. Aliyeanika chini kwenye vumbi ndiye aliyerudi na lori, na nauli alilipa yeye, sio mnunuzi.

Na korosho, zao letu wenyewe hapa Pwani. Msimu wa 2018, minada ilipoanza bei zikashuka mno kulinganisha na msimu uliotangulia, wakulima wa Tandahimba na Newala wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Mkulima wa korosho alikuwa na serikali nyuma yake mwaka ule. Sasa jiulize: kikundi chako chenye tani 20 za makopa kikikwama, ni jeshi gani litakuja kusomba?

Na wasiwasi huu haujaisha. Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa za nje zikiwemo mchele, unga, tangawizi na ndizi, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao yao na ya Afrika Kusini. Wakubwa wakibishana, mfanyabiashara mdogo ndiye anayebaki na matenga ya ndizi yakiiva juu ya lori.

Ninachotaka uone kwenye habari hizi zote ni hiki: zuio halikuuliza nani ni mkulima mzuri. Lilimpata yule ambaye siku hiyo mali yake ilikuwa nje ya mkono wake na fedha haijaingia. Muda huo, kati ya mzigo kutoka na fedha kuingia, ndio mahali penyewe pa hatari. Ukiufupisha, umepunguza hatari. Ukiurefusha hadi siku 60 baada ya meli kufika, umeuacha mlango wazi usiku kucha.

Tukae na daftari

Haya, turudi Maneromango. Bei hizi ni za kikundi hiki. Wewe weka za kwako.

Kilo moja ya makopa inatokana na kama kilo tatu za muhogo mbichi. Muhogo mbichi wananunua shilingi 120 kwa kilo, kwa hiyo hapo ni 360. Kumenya, kukata, kukausha na mifuko ni 120. Jumla 480 kwa kilo, mzigo ukiwa bado Maneromango.

Wakiuza kiwandani Dar, nauli ni shilingi 40 kwa kilo. Gharama inakuwa 520, bei 600, faida 80. Kwa tani 20, faida ni shilingi 1,600,000. Fedha inalipwa siku ya mizani.

Wakiuza nje, kuna nauli ya kwenda bandarini, kupima sampuli, kufukiza, vyeti, wakala wa forodha. Tulikadiria 120 kwa kilo. Gharama inakuwa 600, bei 750, faida 150. Kwa tani 20, faida ni shilingi 3,000,000.

Akina mama walipoona milioni tatu wakapiga vigelegele. Nikawaambia tuendelee kuandika. Faida ya ziada ya kuuza nje ni 1,400,000. Ukigawa kwa watu 20, kila mama anaongeza 70,000. Ili wapate hiyo, wanatoa mali ya shilingi milioni 12 mikononi mwao na kumkabidhi mtu wasiyewahi kumwona. Asipolipa, kila mama amepoteza 600,000. Yaani unaweka laki sita mezani ili uongeze elfu sabini.

Mama mmoja akasema, "Lakini si lazima atukimbie. Watu wengi ni waaminifu." Ni kweli kabisa. Tukachukulia kwamba wanunuzi tisa kati ya kumi ni waaminifu. Safari tisa nzuri zinaleta milioni 27. Safari moja mbaya inaondoka na milioni 12. Baada ya safari kumi umebaki na milioni 15. Safari kumi za kiwandani Dar, bila presha, bila usiku wa kukosa usingizi, zinaleta milioni 16.

Kimya kikaingia pale barazani. Biashara ambayo inaonekana tamu mara mbili, kumbe ukiiweka kwenye safari kumi inazidiwa na kiwanda kinachowalipa palepale. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na siku ile tuliiona kenda hiyo kwa namba.

Tukageuza ukurasa. Tukasema, je, mnunuzi akitanguliza asilimia 50, yaani 7,500,000, kabla mzigo haujaondoka? Akikimbia baada ya hapo, hasara sio milioni 12 tena, ni 4,500,000. Safari kumi sasa zinaleta milioni 27 toa 4,500,000, sawa na 22,500,000. Akitanguliza asilimia 30 tu, safari kumi zinaleta 19,500,000. Zote mbili zinaizidi ile milioni 16 ya kiwandani.

Hapo ndipo pa kushika. Bei haikubadilika hata senti, mnunuzi ni yule yule, uaminifu wake ni ule ule. Kilichobadilika ni malipo ya awali. Kwa hiyo ukikaa na mnunuzi wa nje, usimalize nguvu zako zote kwenye kubishania bei. Bishania lini fedha inaingia.

Fuata mzigo hatua kwa hatua

Sasa basi, chukua karatasi, andika safari ya mzigo wako kuanzia shambani hadi fedha inapoingia. Kila hatua uulize lile swali: hapa ikiharibika, hasara ni ya nani? Nitakutajia hatua tano.

*Ubora.* Hii hasara ni yako siku zote, kwa hiyo anza nayo. Kwa makopa, adui ni unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha vipande vikavu vya muhogo ni unyevu usiozidi asilimia 12. Muhogo mbichi ukishang'olewa unaanza kuharibika ndani ya siku mbili hadi tatu, kwa hiyo using'oe zaidi ya unachoweza kumenya na kuanika. Kata vipande vyembamba, anika juu ya kichanja, sio chini, na msimu wa masika usiahidi tarehe. Kipande kilichokauka ukikivunja kinalia "ta!" Kikipinda bado. Na panda mbegu safi: muulize afisa wako au kituo cha utafiti cha TARI Kibaha kuhusu mbegu zinazovumilia michirizi kahawia, kama Kiroba na Chereko. Michirizi inaozesha muhogo ndani kwa ndani, majani yanaweza kuonekana mazuri na ukimenya unakuta kahawia tupu. Ukiwa umeshaahidi tani 20, hiyo ni aibu na hasara.

*Karatasi.* Cheti cha usafi wa mimea kinatolewa na TPHPA. Cheti cha uasili kinatoka TCCIA. Vibali vya kusafirisha mazao vinaombwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Wizara ya Kilimo. Forodha ni TRA kupitia wakala. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kiwe na TIN. Muulize mnunuzi kwa maandishi: nchi yako inataka vyeti gani, vipimo gani, mifuko ya namna gani? Karatasi moja ikikosekana, mzigo unakaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku. Andikeni kwenye mkataba ni nani anayelipa siku hizo.

*Njiani.* Hapa watu wengi wanachanganya. Mkiandika FOB Dar es Salaam, hatari ya mzigo inahamia kwa mnunuzi pale unapopakiwa melini. Mkiandika CIF, muuzaji unalipa meli na bima hadi bandari ya mnunuzi, ila hatari nayo inahamia pale pale mzigo unapopakiwa melini. Ndio maana bima ni muhimu. Kwa lori linalokwenda Kenya, Burundi au Kongo herufi hizo sio mahali pake. Andika wazi kwa Kiswahili: mzigo ni wa muuzaji hadi wapi, na kuanzia wapi ni wa mnunuzi. Lakini uwe macho: hatari ya mzigo na hatari ya malipo ni vitu viwili. Akina mama wa Maneromango waliambiwa mzigo ukishapanda meli sio wao tena. Sawa. Fedha je? Ilikuwa bado haijawa yao.

*Malipo.* Kwa mzigo mkubwa ipo njia ya benki inayoitwa LC. Benki ya mnunuzi inaahidi kulipa endapo utawasilisha nyaraka zote zilizotajwa. Ni ulinzi mzuri, ila ujue benki inakagua karatasi, sio makopa. Jina likikosewa herufi moja malipo yanaweza kuchelewa. Na ina gharama, kwa hiyo kwa mzigo mdogo malipo ya awali ndio ngao yako. Mtu akikwambia Benki Kuu ina mfuko wa dhamana ya mikopo ya wauzaji nje, ni kweli upo. Lakini dhamana ile inamlinda aliyekukopesha, yaani benki. Mnunuzi akikukimbia, deni bado ni lako.

*Sarafu.* Hii haionekani kwa macho. Mwaka 2024, kama mwezi wa kumi, dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,700. Kufika mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Aliyeuza mzigo wa dola 2,000 Oktoba akalipwa Desemba, alipungukiwa kama shilingi 600,000 bila mtu yeyote kumdhulumu. Watu walifurahi shilingi kupanda, muuzaji wa nje aliyekopesha akalia. Tena ni muda ule ule: kadiri malipo yanavyochelewa, ndivyo sarafu inavyopata nafasi ya kukugeuka.

Dalili za kukimbia

Mnunuzi wa kweli anauliza maswali mengi kuhusu mzigo. Tapeli anauliza machache, anakubali bei haraka, kisha anaomba utume "ada ya usajili" au "ada ya kibali" ili oda itoke. Muuzaji halipii kuuza. Mnunuzi au dalali akisema ana kampuni Tanzania, tafuta jina lake kwenye mtandao wa BRELA. Akiwa nje, waulizeni TanTrade au ubalozi wetu katika nchi hiyo namna ya kumhakiki. Na dalali akikataa mzungumze na mnunuzi moja kwa moja, hiyo inatosha, rudini nyumbani.

Vilevile msichanganye mkataba wa nchi na oda yako. Mwaka 2017 Tanzania na China zilikubaliana masharti ya usafi wa mimea kwa muhogo mkavu kuingia China. Habari njema, na huku Pwani kila mtu alitaka kupanda muhogo. Lakini makubaliano yale yalifungua lango tu. Hayakumtaja mtu anayekuja kununua kwako, kwa bei gani, wala lini. Panda kwa sababu una mnunuzi, au kwa sababu usipompata utauza sokoni Mailimoja na kula mwenyewe. Muhogo una uzuri huo, unaliwa. Zao lisilolika na lisilo na soko hapa nyumbani ndilo la kuogopa zaidi.

Panda ngazi moja moja

Sisemi mkae nyumbani. Anayekaa nyumbani naye ana hasara yake: anauza kwa bei ya mtu mmoja anayekuja na lori lake na mizani yake. Hatari haiishi kwa kukataa kuuza nje. Nawashauri ngazi hizi.

Ngazi ya kwanza, muuzie anayesafirisha nje, hapa hapa nchini. Yeye abebe bahari na karatasi, wewe ujifunze ubora anaoutaka. Ukiweza kumpelekea mzigo unaofanana mara tano mfululizo bila kurudishiwa gunia, umehitimu. Korosho ghafi ndio usijaribu kupita pembeni kabisa. Njia yake ni AMCOS, ghala na mnada. Anayekuita kwenye kangomba anakuita kwenye kesi.

Ngazi ya pili, mzigo mdogo kwa jirani wa Afrika Mashariki. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya, ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, inapata utaratibu rahisi wa hati ya uasili pale mpakani. Cheti cha afya ya mimea bado unakihitaji. Mzigo wa namna hii ukikwama utaumia, lakini kikundi hakitakufa.

Ngazi ya tatu ndio kontena. Na hata hapo, kontena moja lisibebe kila kitu mlicho nacho. Sheria ninayowapa vikundi vyangu ni hii: mzigo ukipotea wote, je, msimu ujao mtapanda? Jibu likiwa hapana, mzigo ni mkubwa mno kwenu kwa sasa. Na fedha ya mkopo wa halmashauri isiwe ndiyo inayosubiri siku 60. Mkopo ule mnadhaminiana. Mmoja akishindwa, jirani yake anadaiwa. Hasara ya biashara inageuka ugomvi wa mtaa.

Walichoamua

Akina mama walimwandikia dalali wakamwambia: tutatoa tani mbili za kuanzia, nusu ya fedha kabla ya kupakia, nusu nyingine tukikabidhi nyaraka za meli. Wakasema hata bei ya 700 wanaikubali. Dalali akajibu kwamba mnunuzi wake hafanyi biashara ndogo ndogo. Baada ya hapo simu yake haikupokelewa tena.

Makopa waliyokuwa nayo waliyapeleka kiwandani kwa 600. Sitawadanganya kwamba kila mtu alifurahi. Wapo wanachama wanaosema bwana shamba amewanyima bahati, na mmoja ameniambia usoni. Huenda yule mnunuzi alikuwa mtu mwema kabisa na angelipa. Siwezi kulijua hilo, na wao hawawezi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo tangu mwanzo. Ofa iliyowataka waweke milioni 12 kwa kutegemea jambo ambalo hakuna aliyekuwa na njia ya kulijua, haikuwa ofa ya kikundi cha watu 20 wenye deni la halmashauri.

Wanaendelea. Mwezi uliopita wamepata msafirishaji wa jijini anayepeleka unga na makopa nchi jirani, anawalipa 640 kwa mizani, na amewaachia kipimo cha unyevu wakitumie. Gunia wanaloshona sasa lina tarehe ya kukaushwa na jina la aliyelikausha. Hiyo ndiyo ngazi ya kwanza, na wameipanda kwa miguu yao.

Ndugu mkulima, mnunuzi wa nje akikupigia, usimkimbie na usimkimbilie. Chukua daftari, andika hatua zote, na kila hatua iwe na jina la anayebeba hasara. Ukikuta jina lako limeandikwa kila mstari, mwambie arudi na fedha ya kutanguliza. Na kama hesabu inakuchanganya, mtafute afisa ugani wa kata yako ukae naye kabla ya kung'oa muhogo, sio baada ya meli kuondoka.

Kazi njema, na mvua ziwe na kheri.